Majina matatu ya kikoa, tovuti moja

SWALI: Mhariri, taasisi yetu inamiliki majina matatu ya kikoa, nasi tunataka mtu akiandika lolote kati ya hayo afike kwenye tovuti yetu kuu. Nimewasha huduma ya kuelekeza katika akaunti yetu kwa msajili, yaani kampuni tuliyosajili majina hayo kwake, lakini baadhi ya wageni wanaonywa na vivinjari vyao kwamba ukurasa si salama, na viungo vya zamani vyote vinaishia ukurasa wa mwanzo. Tatizo liko wapi? Na je, nichague uelekezaji wa kudumu, wa muda, au ule wa kuficha anwani?

JIBU: Ndugu msomaji, wengi hudhani kuwa DNS, yaani mfumo wa majina ya kikoa, ndiyo inayompeleka mgeni kwenye tovuti nyingine, kumbe kazi yake huishia kukijulisha kivinjari anwani ya seva inayohusika na jina lililoandikwa. Anayemwelekeza mgeni kwingine ni seva hiyo, ambayo hujibu kwa msimbo kama 301 na kutaja anwani mpya.

Onyo mnaloliona linatokana na mpangilio huo. Mgeni anapotumia anwani inayoanza na https, kivinjari hudai kwanza cheti cha usalama chenye jina lilelile aliloliandika, na kisipokipata husimama hapohapo, kabla hata ya kusoma agizo la kuelekezwa. Cheti cha tovuti kuu hakiwezi kusaidia ikiwa hakiyataji majina hayo mengine. Kila jina linahitaji kuwa na cheti, likiwa na www na lisipokuwa nayo. Ikiwa huduma ya msajili wenu haitoi vyeti, yaelekezeni majina hayo kwenye seva mnayoisimamia wenyewe, mkaombe vyeti kwa Let's Encrypt, inayovitoa bila malipo, kisha mkaandike kanuni ya kuelekeza kwenye seva hiyohiyo.

Kuhusu aina ya uelekezaji, msimbo 301 ni wa kudumu, nao ndio unaowafaa, kwa kuwa huziarifu injini za utafutaji kwamba anwani ya kutambuliwa ni ile mpya. Hata hivyo, vivinjari huweza kuuhifadhi kwa muda mrefu, hivyo jaribuni kwanza kwa 302, ambao ni wa muda, mpaka mridhike. Ule wa kuficha anwani siushauri hata kidogo: huiweka tovuti yenu ndani ya fremu, yaani kisanduku katika ukurasa mwingine, mgeni akahama kurasa huku anwani ikibaki ileile, asiweze kumtumia mwenzake kiungo cha ukurasa alio nao, isitoshe, tovuti nyingi zimewekewa kinga dhidi ya kufunguliwa ndani ya fremu.

Viungo vya zamani vinaangukia ukurasa wa mwanzo kwa sababu kanuni yenu inataja anwani moja tu ya mwisho. Tafuteni chaguo la kuhifadhi njia, yaani sehemu ya anwani inayofuata jina la kikoa, ili anayefungua example.org/habari afikishwe example.com/habari, tena kwa hatua moja, bila kupitishwa kwenye jina la tatu.

Ikiwa mtabadilisha seva za majina, yaani zile zinazotunza rekodi za DNS za kikoa, nakilini kwanza rekodi zote zilizopo, hasa za MX, zinazoonyesha barua pepe zipelekwe wapi, kwani hazihami zenyewe, na zikiachwa nyuma barua pepe zitaacha kuwafikia bila mtu yeyote kutambua mara moja.

Mkimaliza, msitegemee kivinjari ambacho huenda kimehifadhi majibu ya jana. Kwenye dirisha la amri la kompyuta, andikeni curl -I, amri inayoonyesha vichwa vya jibu la seva, ikifuatwa na anwani kamili, msome msimbo ulio katika mstari wa kwanza pamoja na mstari unaoanza na location. Fanyeni hivyo kwa kila jina katika sura zake nne: http na https, pamoja na www na bila www. Msiisahau hata moja.