Shangazi, mume wangu alirudi kutoka Somalia bila mguu na sasa hatoki nje

SWALI: Shangazi shikamoo. Mume wangu ni mwanajeshi, aliumia Somalia wakamkata mguu wa kushoto chini ya goti, akakaa kituo cha jeshi cha Mubende na majeruhi wenzake mpaka akapata mguu wa bandia, sasa ana mwaka mzima yuko nyumbani hapa Jinja. Anashinda ndani mapazia yamefungwa, usiku anaruka kitandani, boda ikipiga mlio tu anatafuta pa kujificha. Shemeji yangu ana mtumbwi pale Masese, anataka ampeleke ziwani wakavue ati maji yatamtuliza. Wifi anasema huo ni ujinga, mgonjwa apumzike. Nimsikilize nani? – Mama Kato, Jinja

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Mi niko upande wa shemeji yako, ila sio kwa sababu anayotoa yeye. Maji peke yake hayatulizi mtu, ingekuwa hivyo watu wote wa kando ya ziwa wangekuwa wapole na tunawajua walivyo. Kinachosaidia ni ile kazi yenyewe, ukishika mshipi unasikilizia uzi, vidole vina shughuli, macho yako mbali, na hakuna anayekuuliza ilikuwaje kule Mogadishu. Mwanajeshi amezoea kutumwa, sasa ukimkalisha kwenye kochi kama mgeni unategemea nini?

Wifi usimgombeze, zamani hata madaktari walikuwa na mawazo kama yake. Wanajeshi wa Uingereza waliovunjika uti wa mgongo walikuwa wanalazwa tu wasubiri kufa, mpaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alipofungua wodi yao kwenye hospitali ya Stoke Mandeville akaanza kuwapa mipira na pinde, na tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki inafunguliwa London, majeruhi 16 wakashindana kulenga mishale kwenye nyasi za hospitali. Paralimpiki, ile Olimpiki ya walemavu, ilizaliwa hapo. Na huko Marekani tangu 2005 kuna Project Healing Waters, ilianzia hospitali ya jeshi ya Walter Reed, wanafundisha majeruhi kuvua kwa ndoana, hata ule usumbufu wa kufunga manyoya kwenye ndoana ili samaki adhani ni mdudu ni mazoezi ya vidole.

Sasa Masese. Waende alfajiri kabla mwalo haujajaa kelele, wawili tu, na wapige kasia, injini ikikohoa ghafla itamrudisha vitani. Laifu jaketi ni lazima hata kama alikuwa bingwa wa kuogelea, manake mtumbwi ukipinduka na ule mguu ni shida nyingine. Kigutu kikitoka jasho kinachubuka, kwa hiyo abebe soksi za kubadili na kitambaa kikavu, na akiona wekundu au kidonda auvue huo mguu wa bandia apumzike siku mbili tatu. Alafu wasisimame kwenye maji ya kina kifupi penye matete, kichocho kiko palepale, wavulie ndani ya mtumbwi. Waulize na habari za kibali cha kuvua, na mputa (sangara) wa chini ya inchi 20 arudi majini, yani itakuwa aibu gani afande kukamatwa na maafande wenzake wa doria!



Lakini nisikilize vizuri hapa: kuvua sio dawa ya kuruka usiku. Huo ni ugonjwa wa vita na unatibika, hospitali ya rufaa hapo Jinja wana kitengo cha afya ya akili, mwende wote wawili. Akianza kusema bora angekufa usisubiri Jumatatu, mpeleke siku hiyohiyo, na kama kuna silaha au dawa nyingi ndani ya nyumba zitoke.

Najua atakataa mara ya kwanza. Usimbembeleze, na shemeji asije na maneno ya "twende ukapunge upepo", atajua anahurumiwa. Aje na beseni la mishipi iliyojifunga mafundo aseme kaka nimeshindwa, nisaidie kufungua, aliache mlangoni aondoke.