Sungura ana njaa ila chakula kinamdondoka mdomoni

SWALI: Mambo vipi, sungura wangu ana miaka miwili, siku hizi anakimbilia bakuli kama kawaida, anaokota peleti moja (zile punje kavu za chakula cha dukani), anatafuna kidogo halafu inadondoka, basi anakaa anaiangalia tu. Manyoya ya kidevuni yameloana kila siku. Nimemfunua mdomo meno ya mbele naona yako fresh. Rafiki yangu anasema ni meno tu, nimpe kijiti atafune yatajisaga yenyewe. Kweli?

JIBU: Rafiki yako kapatia nusu. Ni meno, ila sio hayo uliyoyaona. Sungura ana meno 28, ya mbele ni 6 tu (mawili madogo yamejificha nyuma ya yale makubwa ya juu, wengi hata hawajui yapo), yaliyobaki ni magego, yako ndani huko hata umulike na tochi ya simu huyaoni vizuri. Na yote yanaota mpaka anakufa, ya mbele yanaongezeka kama milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Sasa gego lisiposagika linatoa ncha, la chini linachoma ulimi, la juu linachana shavu, ndo maana njaa anayo ila akitafuna anaumia anaachia, na hayo maji kidevuni ni udenda.

Kijiti anakitafuna kwa meno ya mbele, magego hayafaidi chochote. Yanasagwa na nyasi, mbichi au kavu, maana akila nyasi taya inaenda upande upande muda mrefu, peleti anaziponda mara mbili tatu kamaliza. Nyasi ziwe kama asilimia 80 ya mlo au zaidi, peleti gramu 25 hivi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, karoti ni peremende hiyo, mpe kidogo.

Ila kwa wako nyasi peke yake hazitoshi tena, ncha zikishatoka zinasagwa na daktari wa mifugo, kwa kawaida kwa nusukaputi. Na usije ukashika neilkata eti umsaidie, jino linaweza kupasuka mpaka kwenye mzizi ukaanza kesi ya usaha. Angalia na kinyesi, vidonge vikiwa vidogo au vimekata, au hajala kabisa masaa 12, hiyo ni dharura, tumbo lake likisimama anaweza kufa haraka. Ukienda, kama jicho moja linatoa machozi mwambie daktari, mara nyingi ni mzizi wa jino la juu unabana njia ya machozi.