Kuacha PhD Marekani katikati: posho hairudishwi

Je, ukiacha PhD Marekani katikati, utadaiwa posho uliyolipwa? Hapana, hudaiwi. Posho ya kufundisha au kusaidia utafiti ni ujira wa kazi uliyokwisha kuifanya. Pa kuangalia sana ni ada: ukijitoa katikati ya muhula, msamaha wa ada unaweza kufutwa ukaletewa bili, kwa hiyo malizia muhula kwanza. Mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi wa kigeni) aulize kama anaweza kutoka na shahada ya uzamili. Akihitimu ana siku 60 za kuondoka Marekani, na anaweza kuomba kibali cha kazi cha miezi 12 (OPT) kama hajakitumia kwa ngazi hiyo ya shahada. Akijitoa tu kwa ruhusa ya chuo, ni siku 15. Ila kama mwajiri wa nyumbani alikusainisha mkataba wa masomo, usome upya. Huo ndio unaoweza kukudai.