Karura: Baiskeli Unayo, Mbega Wako Wapi?

SWALI: Nimeingia Msitu wa Karura, jijini Nairobi, mara mbili kwa baiskeli ya kukodi, na mnyama niliyemwona ni kima wa langoni tu. Mara ya pili mvua ilikuwa imenyesha, magurudumu yakajaa tope yakagoma kuzunguka. Nakosea wapi?
Msomaji, Ruiru

JIBU: Ndugu msomaji, unafanya safari mbili kwa mpigo. Msitu una zaidi ya hekta 1,000, kwa hiyo baiskeli itakufikisha mbali, lakini mnyama hakungoji uje ukikwaruza kokoto. Ingia lango linapofunguliwa, endesha hadi upande usio na watu wengi, kisha shuka na utembee taratibu.

Mbega, yule kima mweusi na mweupe, mtafute juu, si chini. Asubuhi yenye baridi hupanda kwenye vilele vya miti kuota jua, na akishashiba majani hukaa kimya muda mrefu, tumbo likisaga. Usimsubiri aruke. Angalia mkia mrefu, mweupe nchani, ukining'inia chini ya tawi kama kitambaa kilichoanikwa. Kima wakiwa wanakula juu, tazama pia chini yao, kwani pongo, swala wa msituni, hupenda kuokota majani na matunda yanayodondoka. Suni, paa mdogo wa kilo 5 hivi, huganda kichakani mpaka umkaribie sana, ndipo achomoke. Simama dakika 10 mahali pamoja, utaona zaidi kuliko kwa mwendo wa saa nzima. Na tafadhali usiwape kima chakula: wakishazoea, huanza kupora mifuko.

Kuhusu tope, udongo mwekundu wa Karura ukilowa hunata kwenye tairi, ukajazana kati ya tairi na fremu. Kusukuma kwa nguvu huukaza zaidi. Simama uukwangue kwa kijiti. Baada ya mvua kubwa fuata barabara pana, ziache njia nyembamba zikauke kwanza. Kabla ya kuondoka langoni, bana breki zote mbili, zungusha pedali uone kama mnyororo unaruka, na upandishe kiti hadi mguu ubaki umekunjika kidogo tu pedali ikiwa chini kabisa. Kiti kifupi ndicho huumiza magoti ya wengi.

SWALI: Nitampeleka mama mkwe kuona mapango na maporomoko ya Karura. Tujiandae vipi?
Msomaji, Kiambu

JIBU: Nendeni kwa miguu. Kwenye maporomoko mtashuka ngazi, na zikilowa huteleza, kwa hiyo mama avae viatu vyenye soli ya meno na ashike fimbo. Maji yawe kwenye chupa ya chuma. Plastiki ya kutumia mara moja imepigwa marufuku misituni tangu Juni 2020. Malipo ni kwa simu, si taslimu. Mapangoni walijificha wapiganaji wa Mau Mau, waliopigana na wakoloni Waingereza. Akitaka kujua kwa nini msitu haukugeuzwa mtaa wa majumba, mweleze habari ya tarehe 8 Januari 1999, mtetezi wa mazingira Profesa Wangari Maathai na wenzake walipopigwa langoni, wamekwenda kupanda mti kupinga ardhi hiyo kugawiwa watu binafsi.