Sauti ikitangulia mdomo: ninavyonyoosha DVD za harusi

Diski ilirudi siku ya tatu. Mama mzazi wa bibi harusi aliileta mwenyewe, kwa bodaboda kutoka Ujiji hadi kibandani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, ameizungushia leso isikwaruzike. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi.

"Mwanangu, picha nzuri, hilo sikufichi. Ila pale kwenye akdi sauti inasema 'nimekubali' na kijana mdomo bado kaufumba. Nimewaonyesha shangazi zake, wote wameona."

Nikaiweka kwenye deki. Kweli. Shehe ameushika mkono wa bwana harusi, anamalizia kutaja mahari, sauti ya kijana inatoka, halafu ndipo midomo inafunguka. Pengo halifiki hata nusu sekunde. Lakini watu wote wale walikusanyika siku ile kwa ajili ya neno hilo moja, na nakala tatu zilikuwa zivuke ziwa kwa boti kwenda kwa ndugu Kalemie, Kongo. Diski ikishafika ng'ambo hairudi kurekebishwa. Iliniuma sana.

Nikafanya kosa ninaloliona kwa vijana wengi wanaoanza kazi hii. Nilifungua programu ya kuhariri, nikaichelewesha sauti yote kwa fremu 9 (fremu ni picha mojamoja zinazofuatana kuunda video), akdi ikakaa sawa, nikabani diski upya. Bahati njema niliitazama tangu mwanzo kabla ya kuitoa. Kaswida ya watoto wa madrasa, ambayo awali haikuwa na tatizo lolote, sasa imeharibika: mkono unapiga dufu, unainuka, ndipo mlio unasikika. Nilikuwa nimeziba huku nikatoboa kule.

Tangu siku hiyo sigusi kitu kabla ya kujua jambo moja. Pengo linabaki lilelile mwanzo hadi mwisho, au linakua? Tazama dakika ya pili, kisha ruka utazame karibu na mwisho. Likiwa lilelile, kazi ni nyepesi, unasogeza sauti na umemaliza. Likiwa linakua, kusogeza hakutakusaidia hata ukikesha, kwa sababu picha na sauti zinakwenda kwa mwendo tofauti.

Kulipima natumia VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta. Ukibonyeza herufi K sauti inacheleweshwa kwa milisekunde 50 (sekunde moja ina milisekunde 1,000), ukibonyeza J inawahishwa kwa kiasi hichohicho, na namba inajitokeza kwenye skrini. Tafuta mahali mtu anapotamka maneno yenye "b", "p" au "m", maana hapo midomo lazima ikutane. Bonyeza hadi vikubaliane, andika namba kwenye karatasi. Rudia mwishoni mwa filamu. VLC haibadilishi faili lenyewe, inakupa kipimo tu, na ukiwa na kipimo hubahatishi tena.

Na usijidanganye kwamba pengo dogo halionekani. Simama ufukweni Kibirizi umtazame fundi wa mitumbwi akigongelea msumari, ukiwa mbali kama mita 170. Nyundo inatua, na mlio unakufikia nusu sekunde baadaye, kwa kuwa sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Jicho limezoea hivyo tangu utotoni: kwanza unaona, kisha unasikia. Sauti kutangulia tendo ni kitu ambacho mtu hajawahi kukutana nacho popote, ndiyo maana shangazi zake bibi harusi walikinasa mara moja. Mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kwa matangazo ya televisheni, ule wa BT.1359, unaonyesha kwamba watazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, ilhali ikichelewa hugundua inapofika kama 125. Mfumo wetu wa video, PAL, una fremu 25 kwa sekunde, kila fremu milisekunde 40. Kwa hiyo fremu mbili za sauti kutangulia tayari ni kosa linaloonekana.

Sasa, ile harusi. Picha nilichukua kwa kamera, sauti nikaichukua kwa rekoda ndogo niliyoiweka karibu na maikrofoni ya shehe. Kila kimoja kina saa yake ndani, na saa mbili za bei nafuu hazifanani. Akdi ilikuwa dakika ya 50 tangu niwashe vyote viwili. Dakika 50 ni sekunde 3,000, pengo lilikuwa fremu 9, yaani sekunde 0.36. Gawanya: ni asilimia 0.012. Nikaichukua sauti ya awali, nikaifungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikaenda kwenye badiliko la kasi nikaandika -0.012. Sauti ikarefuka kidogo kiasi kwamba hakuna sikio litakaloisikia ikibadilika, na ikaketi juu ya picha kuanzia kaswida hadi dua ya mwisho.

Ili usihangaike kutafuta midomo, piga kofi moja kubwa mbele ya kamera baada ya kuwasha kila kitu, na jingine kabla ya kuzima. Kofi la kwanza wengi wanalipiga. La mwisho wanalisahau, na ndilo linaloonyesha kama pengo limekua. Mimi sasa nikimaliza kazi, hata kama watu wameshaanza kula pilau, nasimama mbele ya kamera napiga kofi langu.

Simu zina shida yake. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayopanda na kushuka. Mwanga ukipungua ukumbini, fremu zinapungua nazo. Simu yenyewe ikiicheza video inakwenda vizuri, lakini DVD inataka fremu 25 kamili kila sekunde, na baadhi ya programu za kuhariri huhesabu fremu bila kujali kila moja ilikaa kwa muda gani. Hapo ndipo sauti inaanza kuachana na picha. Faili la simu nalipitisha kwanza kwenye MediaInfo, programu inayoonyesha maelezo ya faili. Nikiona kasi ya fremu imeandikwa kuwa ni ya kubadilika, naligeuza kwa HandBrake, programu ya kubadilisha video, nikichagua fremu 25 na kasi isiyobadilika, ndipo naliingiza kwenye kuhariri. Mijongeo ya haraka inapoteza ulaini kidogo. Navumilia hilo kuliko mdomo kusema peke yake.

Kuna kosa jingine ambalo utalitambua kwa sikio tu: watu wote wana sauti nyembamba kama watoto, na filamu ya saa nzima sauti yake inaisha dakika ya 55. Hapo sauti ya kilohezi 44.1 (yaani vipimo 44,100 vya sauti kila sekunde), kiwango cha CD, imechezwa kana kwamba ni 48, kiwango cha DVD. Ibadilishe kwa usahihi iwe 48 kabla ya kuunganisha.

Kanda za zamani za VHS ndizo ninazozishughulikia kwa moyo mzito zaidi, kwa sababu aliyeleta kanda mara nyingi anataka kumsikia mtu asiyekuwepo tena, na kanda yenyewe huenda isivumilie kuchezwa mara nyingi. Huko sauti huchelewa zaidi na zaidi, kwani kompyuta ikizidiwa wakati wa kuingiza kanda hudondosha fremu. Zikidondoka 25, picha imeshatangulia sekunde nzima. Dawa ya kweli ni kuzuia tangu mwanzo. Zima intaneti, simamisha kazi nyingine zote, chomeka kifaa cha kuingizia kanda moja kwa moja kwenye kompyuta, na angalia kaunta ya fremu zilizodondoka kama programu yako inayo. Naingiza vipande vya dakika 10 hadi 15. Kipande kikiharibika narudia hicho tu, siisumbui kanda nzima.

Wakati wa kubani usiwe mchoyo wa nafasi wala mlafi wa ubora. DVD inaruhusu picha ya hadi megabiti 9.8 kwa sekunde, lakini deki nyingi zikisoma diski ya kubani kwa kiwango hicho zinakwama, na zikikwama picha na sauti zinaweza kupotezana. Nabaki kwenye 6. Diski ya gigabaiti 4.7 inabeba hivyo zaidi ya saa moja na nusu, na harusi nyingi zinatosha humo nikikata vizuri.

Diski mpya nilimpelekea mama mwenyewe Ujiji. Tukakaa sebuleni, shangazi nao wakaitwa. Nikaweka akdi, na moyo ukanidunda, kwa sababu sauti bado ilitangulia, kidogo sana, lakini ilitangulia. Kibandani kwangu ilikuwa sawa kabisa. Nikainama nyuma ya meza ya TV. Picha ilikuwa inakwenda kwenye flati skrini, na sauti inatoka kwenye deki moja kwa moja hadi kwenye sabufa. TV hizi hutumia muda kuisafisha picha kabla ya kuionyesha, sabufa haina subira hiyo. Nikaunganisha sauti nayo ipite kwenye TV kwanza, kisha nikachukua waya kutoka tundu la hedifoni la TV hadi kwenye sabufa, ili vyote vipitie njia moja.

Nikarudisha nyuma. Shehe akataja mahari. Midomo ya kijana ikafunguka, na "nimekubali" ikatoka humohumo mdomoni. Shangazi mmoja akapiga kigelegele kana kwamba ndoa inafungwa muda ule. Mama akanyoosha mkono akaomba rimoti.

"Rudisha tena, mwanangu. Hapohapo."