Mimea hupumua mchana pia: jibu kwa mzazi aliyeuliza kuhusu jaribio la mwanawe

Ndugu mzazi, umeeleza kwamba mwanao wa kidato cha pili aliandika katika jaribio la baiolojia kuwa mimea hutengeneza chakula mchana na kupumua usiku, akakosa alama zote za swali hilo, nawe unashangaa kwa sababu ndivyo ulivyofundishwa enzi zako. Umeuliza pia kama ni kweli kwamba chungu cha maua kinapaswa kutolewa chumbani kabla ya kulala. Nimefundisha somo hili kwa miaka 22, na sentensi hiyo ya mwanao nimeisahihisha mara nyingi kuliko nyingine yoyote, kwa hiyo uniwie radhi nikijibu kwa kirefu.

Mwalimu hakukosea. Mimea hupumua saa zote 24, kama sisi. Chanzo cha kosa, kwa maoni yangu, ni neno lenyewe. Katika shule ya msingi mtoto hukariri sifa saba za viumbe hai, yaani kula, kupumua, kukua, kuzaliana, kujongea, kuhisi na kutoa takamwili, na akifika kwenye kupumua huoneshwa picha ya pua, koo na mapafu. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili: kuvuta na kutoa hewa kwa kifua, jambo ambalo mmea haulifanyi kamwe, na kazi ya ndani ya seli ya kuvunja glukosi kwa kutumia oksijeni ili kupata nishati, jambo ambalo seli ya jani la mhogo hulifanya sawasawa na seli ya msuli wa paja lako. Kifua huleta hewa na kuitoa, basi. Kazi yenyewe hufanyika ndani ya seli, sehemu yake kubwa katika vijumba vidogo viitwavyo mitokondria. Hiyo ndiyo nitakayoiita upumuaji wa seli.

Mimi jambo hili halikuniingia chuoni, lilikuwa limekwisha kuniingia utotoni, jikoni kwa bibi yangu kule Songea, aliyekuwa akitengeneza togwa. Bibi aliloweka ulezi usiku kucha, akauchuja, akaufunga katika gunia lenye unyevu na kuuweka kwenye kona yenye giza, mbali na moto. Baada ya siku mbili alinituma niingize mkono ndani ya gunia nione kama mbegu zimetoa mizizi. Ndani kulikuwa na joto, joto la kweli, kama la kwapa la mtoto mwenye homa, ilhali sakafu chini ya gunia ilikuwa baridi. Nilipouliza joto hilo limetoka wapi, alinijibu kwamba mbegu zinaamka, na jibu hilo lilinitosha kwa miaka mingi. Leo ningeliongezea kidogo tu: mbegu zile hazikuwa na jani la kijani wala hazikuona jua, kwa hiyo usanisinuru, yaani utengenezaji wa chakula kwa mwanga, haukuwapo kabisa. Zilikuwa zikivunja wanga wa akiba, sehemu ya nishati ikatumika kukuza mizizi na sehemu nyingine ikapotea kama joto, kwa njia ileile ambayo mwili wako hukaa kwenye nyuzi 37 hata unapolala. Ukikausha kimea na kukipima, utakikuta kimepungua uzito kuliko ulezi mkavu ulioanza nao, kwa sababu sehemu ya chakula chake imekwisha kuondoka hewani ikiwa kabonidayoksaidi.

Hatua iliyofuata ya togwa inafundisha somo jingine. Bibi alipika uji mzito wa mahindi, akausubiri upoe hadi kidole kivumilie, ndipo akatia unga wa kimea. Katika muda mfupi uji uliokuwa umeshika mwiko ukalegea na kuwa mtamu bila kutiwa sukari. Kilichofanya kazi hapo ni kimeng'enya, yaani kichocheo cha kikemia kinachotengenezwa na kiumbe hai, kiitwacho amilesi, ambacho mbegu hukitengeneza inapoota ili igeuze wanga wake kuwa sukari inayoweza kusafirishwa na kutumika. Mate yako yana amilesi pia, na ndiyo maana ugali mkavu ukiutafuna kwa muda mrefu bila kumeza huanza kuwa mtamu mdomoni. Mmea na binadamu wanakutana hapa: chakula kilichohifadhiwa kama wanga hakitumiki mpaka kivunjwe kwanza. Shangazi yangu aliwahi kufanya haraka akatia kimea katika uji uliokuwa bado unatokota, na uji ule ukabaki mzito hadi jioni, kwa kuwa joto kali huharibu umbo la kimeng'enya na kikisha kuharibika hakirudi. Kesho yake togwa huchachuka, kazi ya bakteria wanaopata nishati kutoka kwenye sukari bila kutumia oksijeni na kuacha asidi ya laktiki. Msuli wa mwanafunzi anayemaliza mbio za mita 400 nao huzalisha asidi hiyohiyo, damu inaposhindwa kumletea oksijeni kwa kasi anayoihitaji.

Sasa turudi kwenye mchana na usiku. Chukulia mwenye duka anayeingiza shilingi 10,000 kwa siku na kutumia 2,000 nyumbani. Anayemtazama kwa mbali akimwona anapeleka benki 8,000 anaweza kudhani mtu huyu hatumii kitu. Jani likiwa juani hutengeneza sukari na kutoa oksijeni kwa kasi kubwa kuliko kasi ya upumuaji wake, kwa hiyo kinachoonekana nje ni oksijeni inayotoka, na kabonidayoksaidi inayozalishwa na seli zake hutumika palepale kabla haijafika nje. Jua likizama mapato hukoma, matumizi huendelea, na hapo ndipo mizani zetu huweza kuyaona. Asubuhi na jioni upo wakati mfupi ambapo viwili hivi hulingana, na jani halipokei wala halitoi gesi ya kupimika. Mwanasayansi Mholanzi Jan Ingenhousz alionesha mwaka 1779 kwamba sehemu za kijani hutoa hewa safi zikiwa kwenye mwanga tu, na nadhani kizazi chetu kilimsoma nusu: kikashika kwamba kuna kazi ya mchana, kikajaza chenyewe kwamba basi nyingine ni ya usiku.

Yanayotokea juani yanapaswa pia kuitwa kwa jina lake. Usanisinuru ni upishi. Jani huchukua maji yaliyopandishwa na mizizi na kabonidayoksaidi inayoingia kupitia vitundu vidogo viitwavyo stomata, na kwa nishati ya mwanga inayonaswa na klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, hutengeneza glukosi. Ipo mimea inayofungua vitundu hivyo kwa ratiba tofauti: katani na nanasi huvifungua zaidi usiku, ikahifadhi kabonidayoksaidi katika umbo la asidi, kisha huitumia mchana vitundu vikiwa vimefungwa, na hivyo hupoteza maji machache sana. Mbolea, ambayo wanafunzi wangu wengi huiita chakula cha mimea, huleta madini kama nitrojeni na fosforasi. Madini hayo yanahitajika sana, lakini hayana nishati ya kuchoma, kama vile chumvi isivyoweza kukushibisha.

Mizizi nayo hupumua, na wakulima huliona hili bila kulitaja. Mahindi yaliyosimama ndani ya maji kwa siku nyingi hugeuka manjano, kwa sababu maji yamejaza nafasi za hewa katika udongo na mizizi imekosa oksijeni ya kuiwezesha kufyonza madini. Ukifika ufukweni maji yakiwa yamekupwa, tazama chini ya mkoko uitwao mchu: mizizi imechomoza kutoka kwenye tope kama penseli nyingi zilizosimikwa wima, nayo hufanya hivyo ili kupata hewa ambayo tope haina.

Kuhusu chungu cha maua, usihangaike. Mtu mzima aliyetulia hutumia takriban mililita 250 za oksijeni kwa dakika, na mmea mmoja wa chunguni hutumia kiasi kidogo mno ukilinganisha na hicho. Anayelala nawe kitandani anakupunguzia hewa kuliko bustani nzima ya dirishani. Cha kutoa nje ni jiko la mkaa. Moto wa mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, mtu akaendelea kuvuta hewa vizuri kwa kifua huku seli zake zikikosa oksijeni. Ni mfano wa kusikitisha, lakini hakuna unaotenganisha vizuri zaidi maana mbili za kupumua.

Mwanao akitaka kulithibitisha hili mwenyewe, atafute chupa mbili za chai na vipimajoto viwili. Ya kwanza aitie maharage yaliyoanza kuota. Ya pili aitie maharage yaliyoota kama hayo lakini yaliyochemshwa na kupozwa, kisha azibe midomo kwa pamba na kusoma joto asubuhi na jioni kwa siku tatu. Hewa inayotoka kwenye chupa ya kwanza, ikipitishwa katika maji ya chokaa, itayageuza meupe kama maziwa, sawa na pumzi anayoipuliza kwa mrija, kwa kuwa hewa tunayotoa ina takriban asilimia 4 ya kabonidayoksaidi wakati ile tunayovuta ina asilimia 0.04 hivi.

Kuna hatua moja ambayo mimi niliiruka mwaka wangu wa kwanza kazini, nikaaibika mbele ya darasa zima. Maharage yaliyochemshwa yanapaswa kusuuzwa kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuingia kwenye chupa. Sikufanya hivyo, na siku ya tatu chupa ya wafu ilikuwa na joto karibu sawa na ya walio hai. Mwanafunzi mmoja akasimama kuuliza kama maharage hupumua hata baada ya kupikwa. Nilibabaika kwa maelezo marefu hadi nilipoondoa pamba. Maharage yalikuwa yameoza, na waliokuwa wakipumua ni bakteria na kuvu waliokuwa wakiyala. Kwa hiyo mwanao akikuta joto katika chupa zote mbili, asiitupe kazi yake. Aifungue ile ya pili na kuinusa kwanza.