Askari na Sigara: Maswali Yenu, Majibu Yangu

Tangu nilipogusia suala la tumbaku na majeshi, maswali yamemiminika. Nimechagua machache. Wanaotaka kujua sigara ipi ilikuwa "tamu" zaidi mahandakini wasisubiri jibu, maana sitawatangazia watengenezaji biashara yao.

SWALI: Mwalimu, ni kweli askari wa Vita Kuu ya Kwanza waligawiwa sigara bure? Nani alilipa?

JIBU: Ni kweli, na waliolipa ni wengi. Jeshi la Uingereza liliweka tumbaku kwenye posho, aunsi 2 kwa wiki, yaani gramu 57 hivi. Magazeti nayo yakaanzisha michango, wasomaji wakatoa fedha, na makasha ya sigara yakavushwa kupelekwa Ufaransa. Krismasi ya 1914 kukatolewa zawadi kwa jina la Binti Mfalme Mary: kikebe cha shaba chenye sura yake kwenye kifuniko, pamoja na kiko, tumbaku na sigara 20. Asiyevuta alipewa peremende na penseli. Masingasinga, ambao dini yao inakataza tumbaku, walipewa sukari na viungo. Wauguzi walipata chokoleti.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulipita. Waliogawa walijua fika kwamba wapo wasiovuta, na walijua kuwapa kitu kingine. Iliwezekana. Lakini vita iliporefuka, uangalifu huo ukapotea na sigara ikawa ya kila mtu. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, YMCA, chama cha Kikristo cha vijana wa kiume, waliokuwa wakihubiri dhidi ya sigara miaka yote, wakawa miongoni mwa wagawaji wakubwa. Mwaka 1918 serikali ya Marekani ilinunua tumbaku yote ya chapa ya Bull Durham kwa ajili ya jeshi.

Kabla ya hapo wanaume wengi walivuta kiko au sigari, na sigara ya karatasi ilidharauliwa kuwa ni ya vijana na watu laini. Lakini kiko kinavunjika na kinataka utulivu. Sigara unaiwasha na kuimaliza kati ya kombora moja na jingine. Miaka minne ya mahandaki ikawafundisha mamilioni ya wanaume kuvuta, na waliporudi makwao hawakuiacha.

SWALI: Kuna imani kwamba si vizuri watu watatu kuwashia sigara njiti moja. Ilitoka vitani?

JIBU: Askari ndio walioieneza. Wanasema wa kwanza akiwasha mdunguaji anauona mwanga, wa pili akiwasha analenga, wa tatu akiwasha anafyatua. Namba hiyo ya tatu isikusumbue. Mdunguaji aliyekwisha tega bunduki hahitaji kungoja wa tatu. Hatari yenyewe ilikuwepo. Moto wa sigara usiku huonekana mbali, ndiyo maana mzoefu alivuta akiwa amechuchumaa chini ya ukingo wa handaki, kaa la sigara kalifumbata kiganjani, mdomo wa sigara ukitokeza kati ya kidole gumba na cha shahada. Waliosahau, wengine waliuawa.

SWALI: Si ni kweli kwamba sigara inatuliza neva? Ndiyo maana majeshi yaliigawa.

JIBU: Swali hili linarudi kila mara, na kila mara limeandikwa kana kwamba jibu linajulikana. Someni taratibu.

Nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache baada ya kuvuta. Ikifika, moyo unakwenda mbio zaidi na mishipa ya damu inabana. Huko si kutulia. Saa chache baadaye kiwango chake kikishuka mwilini, arosto inaanza: mikono inatetemeka, hasira za karibu, akili haitulii. Ukivuta tena, arosto inaondoka, nawe unasema sigara imekutuliza. Imekuondolea shida iliyokuletea yenyewe. Sasa mweke mtu huyo mahali ambapo chakula kinachelewa siku mbili. Posho ilipokatika, kuna waliosokota majani ya chai wakayavuta. Jeshi lilikuwa limempa askari adui wa pili, wa ndani ya mwili wake, kisha likawa lenyewe ndilo linalomshikia dawa.

Sisemi askari walijidanganya tu. Dakika tano za kukaa kimya na mwenzako, kugawana kitu kimoja, kuwa na kazi ya kufanya kwa vidole wakati makombora yanapita, hayo yalikuwa na thamani kubwa. Moshi pia ulifunika harufu ya maiti zilizolala kati ya mistari miwili kwa majuma. Siwezi kumlaumu aliyevuta pale. Ninaowalaumu ni waliochukua faraja ya kukaa pamoja wakaipa sifa tumbaku, halafu wakaiuza kwa sifa hiyo.

Tena gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye moshi hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Pumzi inapungua, na uwezo wa macho kuona gizani unapungua. Mlinzi wa usiku anavihitaji vyote viwili.

SWALI: Hitler alichukia sigara. Kwa hiyo askari wa Ujerumani hawakuvuta?

JIBU: Walivuta, na walipata mgao kama wenzao. Na naomba msiniletee tena ile hoja kwamba anayepinga tumbaku anafuata nyayo za Hitler. Mapafu hayaulizi nani alisema nini.

SWALI: Warusi je?

JIBU: Mahorka, tumbaku kali, iliyosokotwa kwenye kipande cha gazeti.

SWALI: Wasiovuta walizifanyia nini sigara zao?

JIBU: Walizitumia kama fedha. Mwanauchumi R. A. Radford, aliyekuwa mateka Ujerumani, aliandika makala mwaka 1945 akieleza jinsi mkate, jemu na hata kufuliwa nguo vilivyokuwa na bei ya sigara kambini. Vifurushi vya Msalaba Mwekundu vikifika, sigara zinajaa na bei zinapanda. Zikivutwa na kupungua, bei zinashuka. Wanafunzi wa uchumi huifurahia habari hii, na ni kweli inafundisha mengi. Mimi namfikiria mateka mwenye njaa anayetoa mkate wake ili apate moshi.

SWALI: Zamani hawakujua madhara. Kwa nini unawalaumu?

JIBU: Wa 1914, sawa. Lakini mwaka 1950 watafiti Doll na Hill, huko Uingereza, walionyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Januari 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani akatangaza hadharani kwamba sigara inasababisha saratani hiyo. Jeshi la nchi hiyohiyo liliendelea kuweka sigara 4 kwenye pakiti ya chakula cha askari, Vietnam ikiwemo, hadi 1975. Hesabu mwenyewe miaka hiyo, kisha uniambie ni nani hakujua. Saratani huchukua miongo kadhaa kujitokeza, kwa hiyo waliozoeshwa vitani waliugua wakiwa raia, na vifo vyao havikuandikwa kwenye orodha yoyote ya vita.

SWALI: Babu yangu alivuta tangu vitani na akafika miaka 90.

JIBU: Wenzake waliokufa wakiwa na 55 hawana wajukuu wa kuniandikia habari zao.

SWALI: Ninaandika tamthilia ya mwaka 1944. Askari wa Marekani kajeruhiwa, mwenzake anamtia sigara mdomoni. Ni sahihi?

JIBU: Ni sahihi, tena ilitokea mara nyingi mno. Katika vita ya kwanza kasisi Geoffrey Studdert Kennedy aliwagawia majeruhi na waliokuwa wakifa sigara za Woodbine mpaka wakambandika jina la Woodbine Willie. Mpe mwenzake sigara kutoka kwenye sanduku la posho. Kila mlo wa posho ya K, pakiti ya chakula cha askari wa Marekani, ulikuwa nazo 4. Ila kama majeruhi wako anapona katika sehemu ya pili, usimwonyeshe akivuta hospitalini huku kidonda kikifunga upesi, kwa sababu mishipa iliyobanwa na nikotini huchelewesha kupona. Na laita isiwe inang'aa. Shaba ilihitajika kwa silaha, kwa hiyo laita za Zippo za wakati ule zilitengenezwa kwa chuma na kupakwa rangi nyeusi ya kukwaruza.